Mia Kasa Moja

Saa nane usiku Ivandra amelala kifudifudi
nyuma ya kasa, taa yake nyekundu ameifunika kitambaa,
mkono umezama shimoni hadi kwapa.
Kasa hajali. Akishaanza kutaga hajali tena,
hata ungemsomea hati ya mashtaka.
Machozi yanamchuruzika. Si uchungu, ni chumvi tu,
walifundishwa hivyo siku ya semina.

Hapa Ponta Seca bahari siku hizi inapanda mno.
Kiota kikiachwa kitalowa, kitaoza.
Basi anayapokea mayai kwenye mfuko yangali na ute,
mawili mawili, matatu,
kama mkunga asiye na muda wa kutoa pongezi.
Tisini na nane. Tisini na tisa. Mia.

Kwenye fomu anaandika: 99.

Katika lugha ninayoandikia
kasa ni huyu mnyama anayetembea na paa lake,
na kasa ni upungufu: mia kasa moja.
Waliotuachia maneno hawakutueleza
kama ilitokea tu,
au waliwahi kuhesabu.

Yai la mia limo mfukoni mwa koti,
ndani ya soksi.

Nyumbani, upande wa Boa Vista unaopigwa na upepo,
bibi yake, Nha Maximina, ana wiki ya tatu kitandani.
Uji ukija anageukia ukuta.
Alizaliwa mwaka ambao mvua haikuja,
na uliofuata haikuja.
Jeneza lilikuwa moja kijiji kizima,
linakwenda na mtu, linarudi tupu.
"Kasa ndiye aliyetulea," husema.
"Alitoka majini usiku, mama wa watu,
tukamla yeye na wanawe.
Nionjeshe mara moja tu, nifunge hesabu."

Na Ivandra, anayelipwa kulinda,
aliyemnyang'anya kisu binamu yake Jailson
akamfikisha polisi kwa mkono wake mwenyewe,
ambaye shangazi zake tangu siku hiyo
wakimwona njiani hutazama mbuzi,
Ivandra huyo anainjika sufuria.

Dakika kumi. Ishirini.
Ute wa yai la kasa haugandi,
hata uchemshe mpaka gesi iishe.
Bibi analitoboa kwa ukucha, anafyonza,
anafumba macho. Bati linagongagonga.

"Silo," anasema.
"Hili halina kitu. Ule utamu ulikuwa wa njaa."

Kisha akaomba uji.

Siku hamsini na tatu baadaye, kwenye uzio wa viota,
kipimajoto kinasoma thelathini na tatu.
Majike watupu watatoka;
mchanga umesahau namna ya kuzaa dume.
Ng'ambo ya ghuba hoteli imewasha taa zake zote,
mwezi wa kununua,
na vitoto vikiufuata hukutwa asubuhi
vimekauka kando ya bwawa la kuogelea.
Wametandaza turubai jeusi upande ule.
Jailson ndiye aliyeshika ncha moja:
hakimu alimpa miezi sita ya kubeba ndoo.

Mchanga unabonyea.
Unatulia.
Halafu unachemka kwa mabawa.

Themanini na saba wametoka.
Kumi na mawili hayakuanguliwa.
Ivandra anatembea kinyumenyume akifukuza kaa
mpaka wa mwisho anabebwa na povu,
halafu anachutama, na kwa vidole viwili
anachora njia nyembamba kutoka kiotani hadi majini,
polepole, akiacha alama za mabawa huku na huku.

"Unaandika nini?"

"Nahesabu."

Jailson anainama na ndoo yake.
Miaka kumi na miwili amesoma nyayo za kasa gizani,
hadanganyiki.
"Huyu hakupita," anasema.

Ivandra hakujibu.
Wimbi lilikuja, dogo, la kawaida,
likafuta mistari themanini na minane.